Chuma mbele au chuma mgongoni: mwongozo wa skwoti kwa wanaofanya mazoezi Mombasa

Pita jioni kwenye jimu za mitaani, kuanzia Majengo hadi Kisauni, utakuta foleni kwenye benchi la kifua, na stendi ya skwoti imegeuzwa pa kuanikia taulo. Wachache wanaochuchumaa huweka chuma mgongoni, wakapakia sahani za uzito kadiri zinavyoenea, wakashuka nusu na kurudi juu. Mapaja hayapati kazi yake, na mgongo unatwishwa mzigo ambao haujafunzwa kuubeba. Inasikitisha, kwa sababu hakuna zoezi linalojenga miguu na kiwiliwili kwa pamoja kama skwoti iliyofanywa vizuri.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuchuchumaa sawasawa, hata kama jimu yake ina chuma kimoja kilichochomelewa na fundi wa jua kali na sahani za saruji. Msimamo wangu nausema mapema: anzia na chuma mbele, ukae nacho hapo wiki kadhaa, ndipo uhamie mgongoni. Sababu zake zitaonekana tukiendelea.

Tofauti iko wapi

Skwoti zote mbili zina sharti moja. Uzito lazima ubaki juu ya katikati ya unyayo tangu unapoanza kushuka hadi unaposimama tena. Chuma kikikaa mbele ya shingo, kiwiliwili hakina budi kusimama wima ili sharti hilo litimie, kwa hiyo magoti huenda mbele zaidi na misuli ya mbele ya paja ndiyo inayofanya kazi kubwa. Chuma kikikaa mgongoni, kiwiliwili huinama kidogo na nyonga hurudi nyuma. Hapo makalio na kiuno huingia kazini kwa nguvu zaidi.

Ndiyo maana mtu yuleyule hubeba zaidi mgongoni. Kwa aliyezoea zote mbili, skwoti ya mbele kwa kawaida huwa kama asilimia 80 hadi 85 ya ile ya nyuma. Anayeinuka na kilo 100 mgongoni atarajie 80 na kitu mbele.

Lakini uzito mdogo si kazi ndogo. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya watu 15 wenye mazoea ya mazoezi ambao walichuchumaa kwa namna zote mbili. Misuli ilifanya kazi kwa kiwango kinachokaribiana, ilhali mbanano kwenye goti ulikuwa mdogo zaidi chuma kilipokuwa mbele. Kwa mwenye magoti yanayolalamika, hilo ni jambo la kutilia maanani.

Hatua ya 1: Pima mwili kabla ya kupima nguvu

Vua viatu, simama ukitazama ukuta, na uweke kidole gumba cha mguu mmoja sentimita 10 hivi kutoka ukutani. Sukuma goti la mguu huo mbele hadi liguse ukuta, kisigino kikiwa kimetulia sakafuni. Ukiweza miguu yote miwili, vifundo vyako vya miguu vinatosha kwa skwoti yoyote. Kisigino kikinyanyuka, skwoti ya mbele itakusumbua mpaka vifundo vilainike.

Kisha chuchumaa mpaka chini bila uzito wowote, ukae hapo nusu dakika. Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye choo cha kuchuchumaa, aliyezoea kufua au kupara samaki akiwa chini, mara nyingi anaweza bila kufikiri. Anayeshinda ofisini au kwenye usukani wa matatu aweza kuwa amepoteza uwezo huo bila kujua. Unarudi, ila kwa kuufanyia kazi kila siku: kaa chini hivyo dakika mbili asubuhi na mbili jioni, ukishikilia mlango au nguzo kama unaanguka nyuma.

Wakati unangoja vifundo vilainike, weka kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 2 chini ya visigino. Viatu vya wanyanyuaji vina kisigino kigumu cha kimo kama hicho, kwa sababu hiyohiyo. Usichuchumae na uzito ukiwa umevaa raba za kukimbilia zenye soli laini, maana zinabonyea upande mmoja ukiwa chini. Ndara ni hatari zaidi. Raba bapa za turubai zafaa, na miguu mitupu yafaa pia, sakafu ikiwa safi na kavu.

Hatua ya 2: Kijue chuma chako

Chuma cha mashindano ya Olimpiki ya wanaume kina kilo 20 na urefu wa mita 2.2, cha wanawake kina kilo 15. Cha jua kali hakina kipimo kinachojulikana mpaka ukipime. Kipeleke kwenye mizani ya muuza nafaka au ya mnunuzi wa vyuma chakavu, pamoja na kila sahani, kisha uandike uzito wake kwa rangi. Sahani za saruji zilizomiminwa kwenye mikebe inayofanana zinaweza kutofautiana kilo moja au zaidi, na tofauti hiyo ikikaa upande mmoja utajipinda kila unaposhuka bila kuelewa kwa nini.

Halafu kuna kutu. Hewa ya bahari yetu hula chuma upesi, na kutu ikishapanda, pale pa kushikia pananata upande mmoja na kuteleza upande mwingine. Sugua kwa brashi ya waya, upanguse, upake mafuta ya cherehani kidogo sana, kisha ufute mpaka kitambaa kitoke kikavu. Jimu ikiwa wazi upande wa bahari, fanya hivyo kila wiki. Mwisho, hakikisha sahani zimebanwa kwa vibanio pande zote mbili. Chuma kisicho na vibanio kikiinama kidogo, sahani za upande mmoja huteremka zote, na upande wa pili ukaruka juu.

Hatua ya 3: Anza na mtungi wa maji

Kabla ya chuma, chukua mtungi wa lita 10 uliojaa. Huo ni uzito wa kilo 10 na zaidi kidogo. Ukumbatie kifuani kwa mikono yote miwili, simama miguu ikiwa na upana wa mabega, vidole vikitazama nje kidogo, ushuke mpaka viwiko viguse sehemu ya ndani ya mapaja karibu na magoti. Uzito ulio mbele unakusaidia kusimama wima bila mtu kukufundisha. Fanya seti tatu za mara kumi, yaani mara kumi mfululizo, upumzike, urudie hadi zitimie tatu, siku tatu kwa wiki. Mtungi wa lita 10 ukiwa mwepesi, nenda kwa wa lita 20. Atakayeweza mara kumi safi na mtungi wa lita 20 yuko tayari kwa chuma kitupu.

Hatua ya 4: Skwoti ya mbele

Panga stendi kwa kimo cha katikati ya kifua, usije ukalazimika kusimama kwa ncha za vidole ukikitoa chuma. Sogea mpaka chuma kikaribie koo na kulala kwenye kibonde kilicho kati ya shingo na nyama za mbele za mabega. Mabega ndiyo rafu ya kuwekea chuma. Mikono kazi yake ni kukizuia kisiviringike. Anayekibeba kwa viganja huumia vifundo vya mikono, akaichukia skwoti hii bure.

Inua viwiko vielekee mbele, mikono ya juu ikikaribia kuwa sambamba na sakafu. Vidole viwili au vitatu chini ya chuma vinatosha. Ikiwa vifundo vya mikono havikubali kukunjika hivyo, chukua leso kuukuu, uchane vipande viwili vipana, ukifunge kila kimoja kwenye chuma kwa kitanzi mbele ya bega lake, kisha ushike ncha zake, vidole gumba vikitazama juu. Viwiko vitapanda vyenyewe. Vuta vitambaa kwa nguvu kwanza ujue vimeshika. Wengine hukunja mikono msalaba juu ya chuma. Mimi siipendi sana njia hiyo, kwa sababu bega moja huelekea kutangulia lingine, lakini kwa uzito mwepesi haina madhara.

Simama, chuma kitoke kwenye stendi, urudi nyuma hatua mbili au tatu fupi. Panga miguu kama ulivyofanya na mtungi. Vuta pumzi ijae tumboni, kaza tumbo pande zote kana kwamba mtu anataka kukupiga ngumi, uishikilie pumzi hiyo. Shuka magoti na nyonga zikikunjika kwa wakati mmoja, ukijiketisha katikati ya visigino. Magoti yafuate upande ambao vidole vya miguu vinatazama. Nenda mpaka mkunjo wa nyonga uwe chini ya sehemu ya juu ya goti. Inuka ukisukuma sakafu kwa unyayo mzima, na uitoe pumzi ukishapita pale pagumu.

Kuna nasaha inayorudiwa sana kwamba goti lisipite ncha za vidole. Katika skwoti ya mbele haiwezekani kuifuata, wala haihitajiki. Ukilizuia goti kwa nguvu, kiwiliwili kinainama na mzigo unahamia kwenye nyonga na kiuno. Goti lenye afya linapita mbele ya vidole kila unapopanda ngazi. La kuangalia ni kwamba kisigino kibaki chini na goti lisiingie ndani.

Sasa jambo ambalo ndilo roho ya zoezi hili. Mtazame mtu anayefanya seti ya mara tano. Mara ya kwanza na ya pili viwiko viko juu. Ya tatu, akitoka chini, viwiko vinashuka kidogo. Ya nne vinatazama sakafu. Kifua kinafuata, mgongo wa juu unakunjika, chuma kinaanza kuteremkia viganjani na uso wake unabadilika. Miguu bado ina nguvu, ila mgongo wa juu umechoka. Kocha mzuri husimama ubavuni na kuita neno moja tu kila anapoinuka: “Viwiko!” Kama huna kocha, mwombe mwenzako akuitie, na seti iishe pale viwiko vinaposhuka, hata kama ulipanga mara tano ukafika tatu. Kwa sababu hii skwoti ya mbele haifai kwa seti ndefu. Mara tatu hadi tano zatosha.

Na jasho pia ulihesabu. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 na hewa ni nzito ya unyevu. Jasho likitiririka shingoni chuma huteleza mabegani. Vaa fulana ya pamba yenye kufunika mabega, jifute kabla ya kila seti, na ukiwa na chaki paka kidogo juu ya mitulinga na mabegani, si viganjani pekee.

Hatua ya 5: Jifunze kushindwa

Huu ndio msingi wa shauri langu la kuanzia mbele. Skwoti ya mbele ikikushinda, teremsha viwiko, chuma kianguke mbele yako, nawe ruka nyuma. Hakuna kilichokubana. Fanya zoezi hilo na chuma kitupu mara kadhaa mpaka mwili uzoee, mahali ambapo kelele na sakafu havitaleta ugomvi. Hakikisha hakuna mtu mbele yako.

Chuma cha mgongoni kikikushinda, mambo ni mengine. Kinakusukuma uso uelekee chini huku kikipanda kuelekea shingoni. Ukiwa ndani ya stendi yenye nondo za usalama zilizopangwa chini kidogo ya kina chako, unakilaza juu yake na kutoka. Bila nondo, unahitaji watu wawili, mmoja kila ncha, wanaoinua kwa pamoja kwa neno mlilokubaliana. Mtu mmoja aliyesimama nyuma yako akikukumbatia kifuani hawezi kuokoa kilo 120. Jimu nyingi za mitaani zina stendi mbili za kuchomelewa na hazina nondo wala nafasi. Hapo, ukiwa peke yako, baki mbele.

Zamani stendi hazikuwepo kabisa. Miaka ya 1920 Mjerumani Milo Steinborn, aliyehamia Marekani, alikuwa akikisimamisha chuma chenye sahani wima, akajiinamisha chini yake, akakiangushia mgongoni kwa upande na kuinuka nacho. Alikuwa mtu wa pekee. Usimwige.

Hatua ya 6: Skwoti ya mgongoni

Hapa nitakwenda upesi, kwa kuwa ukishaijua ya mbele, nusu ya kazi imekwisha. Kina ni kilekile, pumzi ni ileile.

Panga chuma chini kidogo ya kimo cha mabega. Ingia chini yake na ukiweke juu ya nyama ya mabega, chini ya ule mfupa unaotokeza kwenye shingo. Kisikae juu ya mfupa hata siku moja, na kama unahitaji taulo ili kisikuumize, basi kimekaa mahali pasipo pake. Bana makombe ya mabega yakaribiane, ndipo nyama ivimbe na kutengeneza kikalio. Shika chuma karibu na mabega kadiri unavyoweza bila maumivu, ukivute chini kigandamane na mgongo. Kina mama wanaofanya mazoezi wakiwa wamejitanda mtandio wauchomeke ndani ya nguo kwanza, kwa sababu kitambaa kilicholegea kati ya chuma na mgongo huteleza.

Wanaoshindana katika kunyanyua kwa nguvu, ambako minyanyuo ni skwoti, benchi na dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni), wengi hukiweka chini zaidi, juu ya makombe ya mabega. Wanainama zaidi na kubeba zaidi. Wewe anza na pale juu.

Kosa linaloharibu skwoti hii ni nyonga kupanda kwanza huku kifua kimebaki chini. Magoti yamenyooka, chuma hakijasogea, na kinachobaki ni kiuno kuinua kila kitu. Dawa yake: ukiwa chini, fikiria kukisukuma chuma juu kwa mgongo wa juu, nyonga na kifua vipande pamoja. Ikiendelea kutokea, uzito ni mkubwa mno. Ukirudi wiki mbili kwenye skwoti ya mbele, tatizo hili mara nyingi hupungua, maana chuma mbele hakikubali nyonga zitangulie, ukijaribu kinaanguka.

Hatua ya 7: Ratiba

Wiki sita hadi nane za mwanzo: skwoti ya mbele siku mbili kwa wiki, seti nne za mara tano. Kila ukimaliza zote kwa kina kamili, ongeza kilo 2.5 siku ya zoezi inayofuata. Kama jimu haina sahani ndogo, mfuko wa mchanga wa kilo 1.25 kila upande, uliofungwa imara, utafanya kazi hiyo.

Baadaye: Jumatatu chuma mgongoni, seti tatu za mara tano, Alhamisi chuma mbele, seti nne za mara nne. Linganisha namba zako kila mwezi. Skwoti ya mbele ikiwa chini ya asilimia 70 ya ile ya mgongoni, kwa maoni yangu mgongo wa juu au vifundo vya miguu vinahitaji kazi, au unaposhuka na chuma mgongoni hufiki kina. Namba zikikaribia kulingana, basi hujajifunza bado kutumia nyonga zako.

Anayetaka kucheza mpira, kupigana ndondi au kujenga mapaja tu anaweza kubaki na skwoti ya mbele miaka yote. Anayetaka kuona uzito mkubwa kabisa anaoweza kuinuka nao hana njia ila mgongoni. Mwenye bega lisilozunguka vizuri kuelekea nyuma ataona mbele ni nafuu. Mwenye mapaja marefu na kiwiliwili kifupi huinama sana na chuma mgongoni, na mara nyingi atanufaika kukipa cha mbele kipaumbele.

Fanya mazoezi alfajiri au baada ya magharibi. Kunywa maji kabla ya kiu. Madafu ni mazuri, yana potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo kuliko ile unayopoteza kwa jasho, kwa hiyo kula chakula chenye chumvi pia. Mwezi wa Ramadhani usiache chuma: punguza seti zibaki mbili, uzito ubaki karibu na wako wa kawaida, na ufanye baada ya tarawehe, futari ikiwa imeshatulia. Wanaopendelea saa ya mwisho kabla ya kufuturu wabebe mwepesi na wasifike pa kushindwa.

Uchungu wa misuli siku mbili baada ya zoezi ni wa kawaida. Maumivu makali ndani ya goti, kiuno kinachochoma hadi mguuni, au ganzi ya vidole ni mambo ya kusimamisha zoezi siku hiyohiyo na kumwona daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Na mwenye shinikizo la damu aongee na daktari kabla hajaanza, maana ile pumzi inayoshikiliwa tumboni hulipandisha shinikizo kwa muda. Atakayeruhusiwa abebe mwepesi, atoe pumzi taratibu anapoinuka, wala asiishikilie mpaka mwisho.